Tazama Plau Yako Kabla ya Mvua



Fikiri habari hii. Ni mwezi wa Machi hapa Nyamisangura. Mvua imenyesha usiku. Udongo umelainika. Alfajiri unawafunga maksai nira. Kijana anawaongoza, wewe unashika plau.

Mistari miwili inakwenda vizuri. Katika mstari wa tatu plau inagonga jiwe. Boliti iliyolegea inakatika. Chuma kinachokata udongo kinachomoka. Unakifunga kwa waya. Waya nao unakatika. Unatuma mtu kwa jirani kuazima plau. Jirani naye analima. Unakwenda Tarime mjini kununua boliti. Unarudi nayo, kumbe ni nene, haiingii katika tundu. Unarudi dukani. Jua linazama. Maksai wameshinda bure.

Je, kosa ni la jiwe? Hapana. Mawe yamo mashambani kila mwaka. Kosa ni kwamba plau ilikaa nje tangu msimu uliopita bila kutazamwa.

Hasara yake si ndogo. Mahindi yakichelewa kupandwa, mvua inaweza kukatika kabla hayajabeba vizuri. Chakula cha nyumbani hupungua.

Kwa hiyo, kabla ya mvua fanya haya:

1. Kaza nati zote kwa spana. Boliti iliyoliwa na kutu itoe, weka nyingine.

2. Tazama chuma kinachokata udongo. Kikiisha makali, plau haizami. Wewe hukandamiza mishikio, na maksai huchoka upesi. Kipeleke kwa mhunzi, au nunua kingine.

3. Tazama nira na mnyororo. Nira iliyopasuka huumiza shingo za maksai. Mnyororo ukiwa mfupi mno, plau huinuka. Ukiurefusha, huzama zaidi.

4. Zungusha gurudumu. Likiwa zito, litie mafuta.

5. Weka akiba ya boliti mbili na nati zake katika kopo. Nenda nalo shambani pamoja na spana.

Ukienda dukani, chukua boliti ya zamani uifananishe na mpya. Kisha andika unene na urefu wake katika daftari lako. Siku nyingine utamtuma mtoto na karatasi, naye hatakosea. Hiyo ni faida ya kujua kusoma na kuandika.

Ukimaliza kulima, osha plau, ikaushe, ipake oili, uiweke ndani mahali pakavu. Hivyo kutu haitaila.

Kazi hii yote haimalizi asubuhi moja. Boliti iliyokatika ilikumalizia siku nzima. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini boliti ya kwanza kununuliwa haikufaa?
2. Plau isipozama vizuri, utatazama nini?
3. Plau yako iko wapi leo? Nati zake zimekazwa?