Ngitili: Malisho ya Wengi Yenye Wenyewe

Katika lugha ya Kisukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue bila kuguswa na mifugo, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea na malisho ya kwingineko kwisha. Neno hilo fupi limebeba utaratibu mzima wa kutunza mali ya pamoja, yaani mali inayotumiwa na watu wengi pasipo mmoja wao kuweza kuiita yake peke yake. Historia yake mkoani Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, inastahili kusomwa na kila anayeuliza iwapo mali ya namna hiyo yaweza kudumu.

Swali hilo lilipata umaarufu mwaka 1968, pale mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alipodai kwamba malisho ya wote hayana budi kuangamia, kwa kuwa mfugaji anayeongeza ng'ombe mmoja hupata faida yote ya ng'ombe huyo, ilhali hasara ya nyasi kupungua hugawanywa kwa wafugaji wote. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kasoro ya hoja hiyo kwa mifano ya jamii zilizotunza malisho, misitu na mifereji yao kwa karne nyingi: Hardin alieleza mali isiyo na mwenyewe, akaiita mali ya wote. Kwa mujibu wa Ostrom, mali ya pamoja hudumu pale mipaka yake inapojulikana, watumiaji wenyewe wanapotunga kanuni, walinzi wanapowajibika kwa watumiaji hao, na adhabu inapolingana na kosa.

Wasukuma walikuwa na mambo hayo kabla ya wanazuoni kuyaandika, na kuporomoka kwa ngitili hakukutokana na ulafi wa wafugaji peke yake. Wakati wa utawala wa Waingereza mapori makubwa yalifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, wadudu wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, na idadi ya watu na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970, kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa iliwaweka wengi mbali na ngitili zao, zikabaki bila wa kuzilinda. Maeneo yaliyokuwa na wenyewe yakageuka kuwa ya yeyote anayefika kwanza, na hapo ndipo hofu ya Hardin ilipotimia.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni mpango huo ulitegemea vitalu vya serikali na miche ya miti ya kigeni, lakini wataalamu walipowasikiliza wafugaji waligundua kwamba ardhi ikipumzishwa, visiki na mizizi iliyosalia huchipua yenyewe, na kwamba wanakijiji walikuwa tayari na jina na kanuni za kazi hiyo. Mwaka huo wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwaka 2004, mpango ulipomalizika, zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Mafanikio hayo yalisimamiwa na vyombo ambavyo wanakijiji walivifahamu. Dagashida, yaani mkutano wa jadi unaotunga na kufasiri kanuni za mila, ulikubaliana juu ya maeneo ya kufungwa na adhabu za wakosaji, nao sungusungu, ulinzi wa jadi uliochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, wakapewa jukumu la kuwakamata wanaoingiza mifugo kabla ya wakati. Serikali za vijiji ziliyatia nguvu makubaliano hayo kwa kutunga sheria ndogo. Zaidi ya malisho, ngitili zilirudisha kuni, nguzo za kujengea, nyasi za kuezekea, asali, uyoga na dawa za asili, na wanawake waliokuwa wakienda mbali kutafuta kuni wakapunguziwa mwendo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikadiria kwamba manufaa hayo yalifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50.

Hata hivyo, manufaa hayo hayagawanyiki sawasawa. Ngitili nyingi ni za kaya binafsi, na hata katika zile za kijiji mwenye ng'ombe mia huvuna nyasi nyingi kuliko mjane asiye na hata mbuzi, ambaye hutegemea kuni na mboga za porini. Mahitaji ya mkaa mijini nayo huwashawishi wengi kuuza leo miti iliyokua kwa miaka ishirini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja na kutangaza hifadhi yake ya msitu, lakini haki isiyopimwa wala kusajiliwa hutetewa kwa shida mbele ya mwekezaji au jirani mwenye nguvu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wajibu wa serikali ni kuvisaidia vijiji kupima mipaka na kuiandikisha, kisha kuviachia maamuzi, na wajibu wa vijiji ni kuhakikisha kwamba asiye na mifugo anasikilizwa wakati kanuni zinapotungwa. Kufunga ngitili ni uamuzi unaorudiwa kila masika, na kila mwaka huhitaji ridhaa ya wale watakaoingoja ifunguliwe; anayeona kwamba fungu lake limekumbukwa ndiye atakayekubali kungoja.