Jeli Inayoganda kwa Joto la Mwili

Asubuhi ya baridi, mawese yaliyolala kwenye dumu pale Ujiji, Kigoma, huamka yameganda. Jua likipanda, hulainika na kumiminika. Sasa fikiria kitu kinachofanya kinyume: kikipoozwa kwa barafu huwa majimaji, kikiingia mwilini penye joto la nyuzi 37 huganda. Kitu hicho kipo, na madaktari wanakitumia kubebea dawa ya saratani.

Ni aina ya haidrojeli. Haidrojeli ni nyuzi ndefu za polima zilizoshikana kama wavu, nao wavu huo umebeba maji mengi. Dawa hukaa ndani ya maji hayo. Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza jeli za namna hii, na kazi yao ikazaa lenzi laini za macho. Baadaye zikaja jeli erevu, zinazobadilika zikikutana na joto au tindikali. Tindikali ina maana hapa, kwa kuwa uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na tindikali zaidi kidogo kuliko nyama nzima iliyouzunguka. Watafiti wanatengeneza jeli ambazo wavu wake hulegea na kuachia dawa zikifika mahali hapo, ingawa nyingi bado ziko maabara.

Kwa nini dawa ihitaji wavu? Dawa ya dripu huzunguka na damu mwili mzima, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika. Kwingine tatizo ni kwamba dawa haitulii. Katika saratani ya njia ya mkojo ndani ya figo na kwenye mrija unaoshuka kibofuni, mkojo hupita usiku na mchana na kuiosha dawa ya majimaji kabla haijafanya kazi. Wagonjwa wengi wamepoteza figo nzima kwa sababu hiyo.

Aprili 2020, Marekani iliidhinisha dawa ya mitomaisini iliyochanganywa na jeli kwa saratani ya aina hiyo isiyo kali. Huingizwa ikiwa baridi kwa mpira mwembamba, ikaganda humo ndani, kisha ikayeyuka kidogo kidogo kwa saa kadhaa na kutoka na mkojo. Hutolewa mara moja kwa wiki, kwa wiki 6. Katika majaribio ya wagonjwa 71, uvimbe wa 42 ulitoweka. Hata hivyo, wengi walipata madhara ya mrija kusinyaa, kwa hiyo si dawa ya kuchezea.

Kwa mgonjwa wa Kigoma, wiki 6 za kwenda na kurudi ni mzigo mkubwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati. Hospitali ya Bugando, nayo ya kutibu saratani, iko Mwanza. Ndiyo maana mfano unaonigusa zaidi ni kijiti cha haidrojeli chenye dawa ya histrelini, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa. Kilipandikizwa chini ya ngozi ya mkono, kikatoa dawa kwa miezi 12 mfululizo. Hakikuponya, kilizuia homoni inayoulisha ugonjwa. Lakini kilimtaka mgonjwa safari moja kwa mwaka. Kwetu sisi tulio mbali na hospitali za saratani, jeli ya kuombea ni hiyo inayopunguza safari, na bei yake iwe ya kufikika.

Ndugu msomaji, jeli ya figo niliyoieleza huwafaa wenye saratani isiyo kali, na ni vema ugonjwa ugunduliwe mapema. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja tu na bila maumivu, usiseme ni kichocho ukaishia duka la dawa. Kichocho chenyewe cha mkojo kikiachwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Maweni hapa Kigoma, ukapimwe wiki hii.