Kiambishi hu- na Sharti Lisilotamkwa

Kanuni za maumbile hutamkwa aghalabu kwa kiambishi hu-: maji huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Sentensi hii haina nafsi wala wakati, na huo ndio uzuri wake. Lakini pia haina sharti. Huko Butembo, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 94, maana kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi. Kanuni haikukosea, imenyimwa tu kishazi chake cha -ki-: kanieneo ikiwa ile ya pwani.

Kwa mpishi wa maharagwe, kasoro hii hugharimu kuni. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iligharimu zaidi. Novemba 2018 lilianza jaribio la dawa nne liitwalo PALM, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Kati ya waliopewa dawa ya REGN-EB3 wakiwa na virusi vichache damuni, walifariki takriban 11 katika kila 100. Kati ya wenye virusi vingi, takriban 64. Dawa ni ile ile. Je, tuseme huponya?

Mitaani ilisikika kauli nyingine: aendaye kituoni hufa. (Katika Kiswahili cha huko, mazoea huonyeshwa kwa kiishio -ka: anakufaka.) Kauli hiyo haifai kubezwa. Wengi waliofika wamechelewa walikufa kweli, na jamaa zao waliona kuingia kituoni kukitangulia kifo. Lakini kutangulia si kusababisha. Aliyeiamini kauli hiyo alikawia nyumbani, virusi vikaongezeka, akapelekwa akiwa taabani, akafa. Na kifo chake kikawa ushahidi mpya kwa jirani. Kauli ilijizalishia ithibati yake yenyewe.

Kinachopima sababu hasa ni -ngali-: angaliwahi, angalipona. Hapa pia tahadhari yahitajika, kwani hata kati ya wenye virusi vichache wapo waliofariki. Kwa hiyo -ki- peke yake haitoshi. Kanuni ya tiba yataka na kielezi: mgonjwa akiwahi, aghalabu hupona.