Taa imezima na bibi yumo ndani: sensa gani uweke chumba gani?

Leo naomba tuongelee sensa. Sio ile ya 2022 ya makarani kupita na vishikwambi, hapana. Naongelea kile kidude cheupe cha darini kinachowasha taa ukiingia na kuizima ukitoka. Wengi mnauliza kipi kinafaa. Mimi ada ya kujifunza nimeshalipa, tena aliyeilipa hasa ni bibi yangu kule Tanga.

Basi bwana, nilimfungia bibi sensa kwenye korido na bafuni ili usiku asipapase ukuta kutafuta swichi. Korido ikawa safi kabisa. Bafuni sasa... bibi amekaa kwenye kigoda, povu limejaa usoni, ametulia zake, mara giza! Akabaki anapunga mikono, sakafu ina maji, na umri wake umeshapita themanini. Hakuanguka, namshukuru Mungu, ila nilisemwa siku tatu.

Kosa langu. Nilinunua PIR, zile za bei chee zilizojaa madukani, nikidhani inajua kama kuna mtu. Haijui! Inachojua ni kwamba kitu chenye joto kimehama kutoka hapa kwenda pale. Kile kikofia cha plastiki juu yake ni lenzi iliyogawanywa vipande vipande (ujanja wa Mfaransa Fresnel, aliyeutumia kwenye minara ya kuongozea meli miaka ya 1820). Ukikatiza mbele yake, joto lako linaruka kutoka kipande kimoja hadi kingine, inashtuka. Ukitulia, kwake wewe umeshaondoka. Ndio maana pia anayekatiza anaonekana haraka kuliko anayeijia uso kwa uso, kwa hiyo ifunge ubavuni mwa njia.

Halafu kuna hili la kwetu watu wa pwani. PIR inategemea mwili uwe na joto tofauti na la chumba. Ngozi yako ina kama nyuzi 33 au 34. Sasa mwezi wa pili, mchana, chini ya bati lisilo na dari, chumba nacho kinafika huko huko. Sensa inakuwa nusu kipofu, unapita mbele yake isikuone mpaka uisogelee. Usikimbilie kumgombeza muuza duka kwamba kakupa feki, ijaribu tena usiku.

Mbadala wake ni rada. Kuna kidude kinaitwa LD2410, kidogo kuliko kidole, kinarusha mawimbi ya GHz 24 na kusikiliza yanavyorudi. Kinanasa hata kifua kinavyopanda na kushuka ukipumua, na joto halikihusu. Kamera hakina (bibi aliuliza hilo mapema sana). Kwa mtu anayesoma au aliyeduwaa mbele ya TV, rada ndio yenyewe.

Lakini feni jamani! Pangaboi likizunguka, rada inaapa kuna mtu, taa zinakesha. Hata pazia likipepea. Na mawimbi yake yanapenya plaiwudi na jipsam, kwa hiyo mtu wa chumba cha pili anakuwashia taa wewe. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio: LD2410 imegawa umbali katika hatua za sentimita 75, ile hatua ilipo feni unaipunguzia usikivu, na zilizo nyuma ya ukuta unazizima. Kingine, rada inataka umeme muda wote, wakati PIR nyingine zinakaa na betri mwaka mzima.

Kwa hiyo korido, ngazi na stoo mimi naweka PIR tu, watu pale wanapita hawakai. Bafuni kwa bibi nimeweka zote mbili: PIR inawasha, rada inaizuia taa isizime mpaka atoke. Adapta iko nje, ndani umeingia waya wa volti 5 tu. Sebuleni penye pangaboi sijaweka kitu, swichi ya ukutani haijafanya kosa lolote.

Kama mfuko unaruhusu PIR peke yake, chukua yenye skrubu ya muda, mfano HC-SR501, uizungushe ifike kama dakika 5. Msiogope LUKU! Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka dakika 5, uniti moja inatosha kuiwasha hivyo zaidi ya mara 1,300. Na msinunue ile ambayo lazima iongee na intaneti ndipo iwashe taa. Bando likiisha bibi yuko gizani tena.

Kwa sasa lalamiko la bibi limebaki moja, paka akipita usiku korido inawaka yote na yeye anaamka akidhani ni mwizi. Mdau mwenye ujanja wa paka ashushe hapo chini.