Saa za Kwenye Tiketi na Muda wa Safari: Dar es Salaam hadi Dubai

Watahiniwa wengi wanaijua kanuni ya muda = umbali ÷ mwendokasi. Alama wanazipoteza kwenye kusoma saa. Fuata mfano huu kwa makini.

Mfano. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anafuata mzigo Dubai. Tiketi yake inaonyesha:

Kwenda: kuondoka Dar es Salaam 16:30, kufika Dubai 23:00.
Kurudi: kuondoka Dubai 03:00, kufika Dar es Salaam 07:30.

Ukitoa moja kwa moja, kwenda ni saa 6 dakika 30, kurudi ni saa 4 dakika 30. Njia ni ile ile, mbona zinapishana saa 2 nzima? Jibu lipo kwenye longitudo.

Hatua ya 1: Tafuta tofauti ya saa. Dunia huzunguka 360° kwa saa 24, yaani 15° kwa saa 1, au 1° kwa dakika 4. Dar es Salaam ipo 39° Mashariki na Dubai 55° Mashariki. Tofauti ni 16°, sawa na dakika 64. Katika shughuli za kila siku nchi hutumia saa za kanda: Tanzania GMT+3, Dubai GMT+4. Kwa hiyo Dubai, iliyo mashariki zaidi, ipo mbele kwa saa 1. Swali likikupa longitudo, tumia longitudo. Likikupa saa za kanda au tiketi, tumia saa za kanda.

Hatua ya 2: Badili saa zote ziwe za mji mmoja. 23:00 ya Dubai ni 22:00 ya Dar es Salaam. 03:00 ya Dubai ni 02:00.

Hatua ya 3: Sasa toa.
Kwenda: 22:00 − 16:30 = saa 5 dakika 30.
Kurudi: 07:30 − 02:00 = saa 5 dakika 30.

Hatua ya 4: Tafuta mwendokasi wa wastani. Umbali wa angani ni takriban km 3,980.
3,980 ÷ 5.5 = km 724 kwa saa.
Aliyetumia saa 6.5 atapata km 612, na amekosa.

Zingatia: Tiketi haitumii saa za Kiswahili. 16:30 ni saa 10:30 jioni. 03:00 ni saa 9 usiku. Tena tarehe hubadilika saa 6 usiku. Tiketi ya "tarehe 12, 03:00" ni usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Atakayekwenda uwanjani usiku wa tarehe 12 atakuta ndege imeondoka tangu alfajiri. Wewe ukikosea hapa unapoteza alama. Yeye anapoteza nauli.

Jaribu mwenyewe. Dar es Salaam ipo 7° Kusini, 39° Mashariki. Jidda ipo 22° Kaskazini, 39° Mashariki. Tafuta umbali (1° = km 111) na tofauti ya saa.

Jibu: Miji ipo pande mbili za Ikweta, hivyo jumlisha: 7° + 22° = 29°. 29 × 111 = km 3,219. Longitudo ni moja, hivyo tofauti ya saa ni 0.