Plastiki Zisizopatana Hushikamanaje Katika Bomba Moja?

Mwanafunzi wetu mmoja, akitafsiri maelezo ya bomba la plastiki, aliandika kwamba matabaka yake "yamebandikwa". Stempu hubandikwa. Kinachotendeka ndani ya bomba ni kingine, na mfasiri asiyekielewa hawezi kuchagua kitenzi.

Bomba hilo hutandazwa chini ya sakafu huko Ujerumani na kwingineko Ulaya, ili maji moto yapashe nyumba joto. Polithini yake haivujishi maji, lakini oksijeni ya hewani huupenya ukuta wake polepole, ikaingia majini na kutia kutu vyombo vya chuma. Kwa hiyo bomba huvikwa tabaka jembamba la plastiki nyingine, iitwayo EVOH, inayoizuia oksijeni.

Hizi mbili hazipatani. Polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni isiyovutwa na chochote kwa nguvu. EVOH imejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyovutana vyenyewe kwa vyenyewe. Ziyeyushe, uzigandamize: zikipoa zitamenyeka kama ganda la ndizi.

Katikati huwekwa tabaka la tatu: polithini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya uzito. Upande mmoja minyororo yake husokotana na polithini mwenzake. Upande wa pili anhidridi humenyuka na vikundi vya EVOH, na kifungo cha kikemia hufanyika. Sisi wa lugha tungeliita mkalimani: mzaliwa wa upande huu, anayejua maneno machache tu ya upande ule, lakini yale yanayohitajika.

Wala halipakwi kwa brashi. Kila plastiki huyeyushwa katika mashine yake, kwenye nyuzi 200 za Selsiasi hivi au zaidi, kisha zote hukutana katika kinywa kimoja na kutoka pamoja. Muda wa kukutana ni mfupi. Joto lisipotosha, mmenyuko haukamiliki, na matabaka huweza kuachana bomba likiwa limekwisha kufukiwa chini ya sakafu.

Basi tulimpendekezea mwanafunzi "yameshikamana". Kitenzi hicho kina -am- ya kutendama na -an- ya kutendana: vitu vimegusana vikabaki hivyo, kila kimoja kikimshika mwenzake. Tabaka la kati tumeliita "tabaka unganishi", hadi msomaji atuletee neno bora.