Wosia wa Mama Mgonjwa



Mwaka wa 1858, sawa na 1275 Hijria, mama mmoja wa kisiwa cha Pate alimwita bintiye asogee na wino na karatasi. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyeshindana na Sayyid Said wa Unguja. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, na bintiye ni Mwana Hashima.

Mali hupungua na majumba hubomoka. Yeye alimwachia mwanawe maneno: utenzi wa beti mia moja na mbili. Alimuusia kwanza kushika dini, kisha adabu na ulimi mwema. Akamtajia radhi tano asizoweza kuzikosa: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wetu (s.a.w.), ya baba, ya mama na ya mume. Akamhimiza awakirimu wahitaji. Mwishoni akainua mikono kuwaombea wanawe na jamaa zake.

Yapata mwaka wa 1860 alifariki. Lakini wosia haukuzikwa naye. Wanawake waliunakili kwa herufi za Kiarabu, wakausoma majumbani, mama akimrithisha binti. Mwana Hashima mwenyewe aliishi hadi uzeeni. Ndivyo bibi mmoja alivyokuwa bibi wa pwani nzima.

Nami nina jambo linaloniuma. Bibi yangu mzaa mama alinifundisha alifu kabla sijaingia chuoni. Kila alfajiri alikuwa na dua yake ndefu, akiwataja wazee wetu mmoja baada ya mwingine. Nilidhani nitaiandika siku moja. Niliporudi kutoka masomoni nilikuta kaburi. Leo nimebaki na vipande vya dua ile, na majina ya wazee wale sina wa kumuuliza.

Enyi mama zangu na dada zangu, msingoje kama nilivyongoja. Bibi akiwa hai, mwanao na aketi miguuni pake leo baada ya Isha, na kalamu mkononi. Amuulize alizaliwa wapi, nani alimsomesha, na anatuusia nini. Nawe uliye bibi, usiseme huna la kusema. Mwana Kupona alisema akiwa kitandani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa warithi wema. Amin.